Diski ya Zamani Anaishika Mwenyewe

Happy, uliponiletea daftari hili ulisema niandike uzoefu wangu ili wale vijana wapya pale dukani wausome. Haya, nimeandika. Uzoefu wenyewe ni wa mtu wa darasa la saba, tena ameandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo msije humu kutafuta Kiswahili cha vitabuni. Mkono wa kushoto ninao ila hauna kazi. Kiharusi kilinikuta nimeshika bisibisi, na nilipozinduka hospitalini daktari akaniambia nina bahati, nimepona. Mtu ambaye hajawahi kuisikia skrubu ndogo ikikaa kwenye tundu lake, akaisikia kwa ncha ya kidole kabla ya jicho kuiona, hawezi kujua mimi nimepona nini na nimenyang'anywa nini. Nina miaka hamsini na tatu, na watu wananiita mstaafu.

Vyeo sikuwahi kuwa navyo, kwa hiyo hilo tumelimaliza.

Siku ya kwanza nilikwenda kwa Mzee Kanti kuomba kazi ya kufagia. Nilitoka Pasua kwa miguu na kandambili mkononi, nikazivaa nilipofika mlangoni. Mzee Kanti alikuwa Mhindi wa hapahapa Moshi, kazaliwa hapa. Kwanza alitengeneza redio, halafu televisheni, halafu kompyuta zilipoanza kuingia mjini akafungua moja usiku na mchana mpaka akaijua. Kichagga cha Machame alikisema vizuri kuliko mimi niliyezaliwa huko, na alipenda kunikosoa mbele ya wateja.

Basi siku ile nikafagia, nikaona skrubu chini, nikaiokota na kuiweka juu ya meza. Nilidhani nitasifiwa.

"Hiyo umeitoa wapi?" akaniuliza.

"Chini."

"Chini wapi?"

Nikamwonyesha kwa ufagio. Akapiga magoti pale sakafuni na suruali yake ya kitambaa, akatazama juu kuelekea kwenye meza, akapima kwa kidole. "Basi hii ni ya laptopu ya yule mwalimu," akasema. "Kesho usifagie kabla sijafika. Nitakufundisha kufagia."

Kufagia nilijifunza mwezi mzima. Baada ya hapo akanifundisha kufungua. Alikuwa na utaratibu wake: unachora kwenye karatasi umbo la laptopu ile ilivyo, na kila skrubu unayoitoa unaichomeka kwenye karatasi mahali palepale ilipotoka. Ukimaliza kazi, karatasi ibaki na matundu matupu. Ikibaki skrubu moja, unafungua upya, hata kama mteja amesimama na mkoba begani. Ninyi mnaziweka zote kwenye kifuniko cha chupa ya maji. Nimewaona.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya kubadilisha diski na kupiga window upya. Laptopu inakuja imekufa. Inawaka, inaonyesha kioo cheusi chenye maneno meupe, na ukiweka sikio kwenye kava unasikia ke-ke-ke, kama mtu anagonga jino kwa kucha. Hapo diski imechoka. Unatoa betri. Unabonyeza kitufe cha kuwashia ukihesabu mpaka kumi na tano, umeme uliobaki uishe. Unagusa bomba la maji, hasa Januari na Februari vumbi linapokuwa kavu, maana mwili wako nao una umeme. Kava unalifungua kwa kadi ya vocha iliyokwisha kutumika, siyo kwa bisibisi, bisibisi inaacha makovu. Diski inalala kwenye kitanda chake cha bati na skrubu nne za ubavuni. Hizo nne ndizo wanazosahau kuzihamishia kwenye diski mpya, halafu laptopu ikitikiswa inacheza kama kayamba.

Mara ya kwanza kunikabidhi kazi hiyo peke yangu, alinisimamisha nikiwa nimeshatoa diski.

"Hiyo ya zamani inakaa wapi?"

"Mezani hapa."

"Hapana. Inakaa kwa mwenyewe. Mpe mkononi."

"Mkononi afanye nini nayo?"

"Ashike. Leo hiyo ndiyo kazi yake."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa duka letu, na sijauona kwingine. Kulikuwa na benchi refu ukutani. Mteja anakaa pale, anashika diski yake ya zamani kwa muda wote tunaopiga window kwenye ile mpya. Dakika arobaini, saa nzima, yeye kaishika tu. Niliona mchungaji wa Kilutheri kaishika kwa mikono miwili kama anasubiri kubariki. Niliona mfanyabiashara wa mpunga kutoka Mabogini kaifuta kwa leso mpaka inang'aa. Mwalimu mkuu mmoja aliuliza, "Binti, hii ina joto, ni kawaida?" Mzee Kanti akamjibu bila kuinua kichwa, "Ni yako, mwalimu. Imekuzoea."

Nilimuuliza siku moja kwa nini tunawasumbua watu. Akasema mashine ikikuonyesha diski mbili, haijui ipi ina maisha ya mtu na ipi ni tupu. "Na wewe utadhani unajua," akasema, "ndiyo mbaya zaidi." Diski ikiwa mkononi mwa mwenyewe, hata ukosee vipi, huwezi kuifuta. Window ikishakaa, imewaka, umeijaribu, ndipo unamwomba mwenyewe akupe diski, unanakili vitu vyake mbele ya macho yake, unamrudishia.

Ninaikumbuka ile saa ya kusubiri kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Asilimia zinapanda, kumi na mbili, kumi na tatu. Feni inavuma. Mzee Kanti anamimina chai ya tangawizi, na waliokaa kwenye benchi wanaongea habari za kahawa, za ng'ombe, za mtoto aliyekwenda kubeba mizigo mlimani na hajarudi na viatu vyake. Mtu hakuwa na haraka kwa sababu hakuweza kuwa nayo. Siku hizi nikikaa hapa Soweto ya Moshi kwa dada yangu, nimeegemea ukuta, natazama mlima ukiwa wazi asubuhi, mikono yangu, yaani mkono wangu, unatafuta kitu cha kushika.

Macho ya Mzee Kanti yalipokwisha, binti yake akaja kumchukua akaishi naye nje ya nchi. Alituaga siku ya kazi kama siku nyingine, akaacha miwani yake mezani nikamkimbilia nayo, akasema niiache palepale. Hakurudi. Tulisikia alifariki, basi.

Duka alikuwa amemwachia Wilbard, fundi mwenzangu. Namtaja, na najua yuko Mabogini analima mpunga na habari zitamfika. Wilbard alijua kazi, siwezi kusema uongo hapo. Lakini wiki ya pili aliliondoa benchi akaweka friji ya soda. "Dada Aika, wateja hawana muda wa kukaa," aliniambia. "Acha mashine, nenda zako, njoo jioni. Ndiyo biashara." Kompyuta yetu nzuri, ile ya kunakilia mafaili, akaifanya ya kuchapia ratiba za mazishi. Akanunua na kikasha kinachoingia mahali pa CD kwenye laptopu: unatoa ile sehemu ya CD, unachomeka kikasha chenye diski ya zamani ndani yake, laptopu inakuwa na diski mbili kwa pamoja, unanakili humohumo. Alikisifia kikasha kile kama amekizaa.

Mimi niliendelea na desturi kimyakimya. Mteja wangu nilimpa diski yake, akakaa nayo kwenye ngazi nje.

Hivyo ndivyo Mama Anaeli alivyokaa.

Alikuja Ijumaa, kutoka Kidia, mjane wa miaka sitini na kitu, kavaa kitenge na sweta ya shule ya mtoto wake. Laptopu ilikuwa ya marehemu mume wake, Elisante. Aliiweka mezani akasema hataki kitu kingine humo, anataka video moja. Baba mkwe wake, kabla hajafa, alitembea na Elisante kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba la ukoo la migomba, akimwonyesha sale baada ya sale. Yale majani mnayajua, kule kwetu yanapandwa mpakani na hakuna mtu anayeyang'oa akiwa na akili timamu. Yalikuwa matano kutoka chini kwenye mfereji mpaka juu barabarani. Mzee alikuwa anashika kila moja na kusema ni la nani na la nani, na Elisante alikuwa anamrekodi.

Sasa Elisante mwenyewe alikuwa amefariki na amezikwa kihambani, na mdogo wake, Ndekirwa, alikuwa amehamisha masale mawili ya juu. Aliyahamisha kidogokidogo, kila masika hatua moja. Huyo naye namtaja. Kaburi la Elisante liko kati ya sale la nne na la tano, kwa hiyo mpaka wa Ndekirwa ukikubaliwa, kaburi linaangukia kwake.

"Kikao cha ukoo ni kesho saa nne," Mama Anaeli akaniambia. "Wazee wamesema kama nina ushahidi niuletee hapo. Wakimwona baba na kumsikia, imekwisha. Nisipokuwa nao, nitakuwa mwanamke tu anayepiga kelele."

"Utaondoka nayo leo, mama."

"Usiniahidi, mwanangu. Fanya tu."

Nikaiwasha, ke-ke-ke, lakini diski ilikuwa inasoma bado. Nikafungua, nikaitoa. Nikampa. Akaifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda kukaa ngazini. Nikaweka diski mpya, nikachomeka flashi yenye window, nikaanza. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, na tulikuwa tumetangaziwa kwamba umeme utakatwa saa kumi. Kompyuta ya kunakilia Wilbard alikuwa anaitumia kuchapa ratiba ya mazishi ya mteja aliyesimama kando yake.

"Wilbard, nipishe nusu saa. Huyu mama ana kikao kesho."

"Na huyu ana maiti leo," akasema, akiniangalia kama mimi ndiye niliyeua. "Tumia kikasha. Nilikinunulia nini?"

Hapo ndipo. Someni polepole hapa.

Window ilifika mwisho wa sehemu ya kwanza, mashine ikataka kujizima na kujiwasha upya, kama kawaida. Niliwaza nitaokoa muda: ikiwa imezima, nichomeke kikasha, ikimaliza kuwaka ninakili moja kwa moja. Nikaizima, nikatoka nje kwenye ngazi.

"Mama, nipe diski."

"Tayari?"

"Karibu."

Akafungua pindo akanipa. Nikaitia kwenye kikasha, nikachomeka. Lakini flashi sikuwa nimeitoa. Mashine ilipowaka ikaanza tena kutoka kwenye flashi, ikanirudisha pale pa kuchagua diski. Nikadhani mara ya kwanza imekwama. Mwanzo kulikuwa na diski moja kwenye orodha, ya juu, ndiyo mpya. Sasa zilikuwa mbili, ukubwa uleule, 465 na 465. Nikachagua ya juu, kwa sababu ya juu ndiyo mpya. Nikafuta. Nikaendelea. Wala sikutazama mara mbili, niliinuka kwenda kunywa maji.

Nilikuwa na kikombe mdomoni nilipoisikia. Ke-ke-ke. Diski mpya za siku hizi hazina sauti hata kidogo. Sauti ile ilikuwa inatoka mahali pa CD, na kioo kilikuwa kinasema asilimia kumi na nane.

Niling'oa waya wa umeme na betri kwa pamoja. Wilbard akageuka. Aliona uso wangu, akaona kikasha, akaacha kuchapa.

Mama Anaeli alikuwa amesimama mlangoni. "Kuna nini?"

Na mimi nikasema, "Wilbard amebonyeza vibaya."

Maneno yenyewe yalikuwa hayo matatu. Wilbard alinitazama, akatazama karatasi zake za mazishi, hakukataa. Mpaka leo sijui kwa nini hakukataa. Labda aliona kwamba yeye ndiye meneja na mteja atamlaumu kwa vyovyote. Labda aliona ni kweli, upande mmoja. Nilikuwa na hasira naye ya benchi, ya kompyuta, ya kila kitu, na hasira ile ilinipa maneno kabla sijayatafuta.

Umeme uliporudi usiku, nilikesha na programu ya kufufua mafaili. Yalitoka mamia, hayana majina, namba tu. Asubuhi nikaipata video ya mzee. Ilikuwa ya dakika kumi na moja. Iliyotoka ilicheza dakika nne na sekunde kidogo, mzee anashika sale la kwanza, la pili, la tatu, anasema kwa Kichagga kwamba hili ni la Elisante na mtu asilisogeze, anainuka, anaanza kupanda kuelekea la nne, na picha inaganda mguu ukiwa hewani.

Kikao kiliangalia dakika zile nne. Wazee waliheshimu masale matatu ya chini, ambayo hayakuwa na ugomvi. Ya juu, wakasema, hakuna shahidi. Kaburi likabaki kwa Ndekirwa.

Wiki iliyofuata nilipanda Kidia na jani la sale mkononi, kama inavyotakiwa kwa mtu aliyekosa. Kwetu ukipelekewa sale huwezi kukataa kusamehe. Mama Anaeli alilipokea kwa mikono miwili, akanipa mtori, akasema, "Mwambie Wilbard nimelipokea." Nikasema nitamwambia. Nikala ule mtori wote.

Nikafanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Niliwafundisha ninyi nusu yenu. Wilbard alipoondoka nilirudisha desturi ya kushika diski, lakini benchi sikulirudisha, sikuweza kulitazama. Happy, friji ile imeharibika siku nyingi, itoe. Weka benchi. Na kikasha kile kiko kwenye droo ya chini, msikitupe, muwaonyeshe wanaoanza kazi na muwaambie jina langu.

Baada ya kiharusi nilikuwa na muda mwingi wa kulala chali na kufikiri. Mwezi uliopita nilimwomba dada yangu anikatie sale, nikapanda bodaboda mpaka Kidia. Mama Anaeli alikuwa jikoni nje akimenya ndizi. Amezeeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni yule wa kompyuta. Mkono umekuwaje?"

"Kiharusi."

"Pole. Vuta kigoda hicho." Akaliona jani. "Hilo la nini? Si ulishaleta?"

"Lile lilikuwa la Wilbard. Hili ni langu."

Nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyowaandikia hapa, flashi, orodha, maji, yote. Hakuacha kumenya. Ganda moja, ganda la pili.

"Kwa hiyo Wilbard nimemlaani bure," akasema mwishowe.

"Siyo bure yote, mama."

"Usinichekeshe, sijakupa ruhusa." Akaweka kisu chini. "Ndekirwa angeweza kunishinda hata na video nzima. Alishawanunulia pombe ya mbege wazee wawili. Labda ningeshinda, labda nisingeshinda. Hiyo labda ndiyo uliyonichukulia. Nimelala na mwanaume miaka thelathini, na sijui kama nilimpigania vizuri."

Nikamnyooshea jani. Hakulipokea na hakulikataa. Alilitazama, akasimama, akachukua jembe fupi lililokuwa limeegemea ukuta wa banda la ng'ombe.

"Unaweza kutembea?"

"Polepole."

"Njoo."

Tulipita katikati ya migomba, mimi na fimbo yangu, jani nikiwa nimelibana kwapani. Tulipofika juu alisimama penye mpaka wa Ndekirwa, mahali ambapo mimi sikuona kitu chochote, majani tu kama ya pale tulipotoka. Akapaza sauti.

"Hodi, shemeji."

Akangoja. Alikuwa amesimama wima, jembe ubavuni, kama mgeni aliyefika kwenye nyumba asiyoijua, na kaburi la mume wake lilikuwa hatua sita mbele yake.

"Hodi huko."

Sauti ya mwanamke kijana wa kwa Ndekirwa ikatoka nyuma ya migomba. "Karibu, mama. Uko na nani leo?"

"Niko na mtu wa kunisaidia," Mama Anaeli akasema. "Ndiye aliyeifuta ile video."

"Karibuni," yule akasema.

Tukaingia. Nikapiga goti kando ya kaburi, nikaweka jani chini, nikaanza kung'oa magugu kwa mkono mmoja. Mama Anaeli akaniambia nianzie upande wa kichwani, huko ndiko yanakoota haraka.